Mikunjo na Mafinyo kwenye Bitana ya Mfarishi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nashona mifarishi ya viraka hapa Njombe, ambako Juni na Julai mfarishi si pambo la kitanda, ni kinga ya baridi. Maswali haya nimeyakusanya kwa wanafunzi wangu, kwa akina mama wanaoniletea kazi zao nizitazame, na kwa wanaonipigia simu usiku wakiwa wameshika wembe, hawajui wafumue au waache. Karibu yote yanahusu upande wa chini. Wengi huuhesabu kuwa mgongo usioonekana. Mimi naona kinyume: uso hutazamwa na wageni, lakini bitana ndiyo inayolala na mtu. Kama ina vifundo na mikunjo, ngozi itaijua hata gizani.

## Kwanza tuelewane

1. Bitana ni ipi, na mfarishi una tabaka ngapi?

Tabaka tatu. Juu kuna uso, yaani viraka ulivyounga. Katikati kuna ujazo: pamba, faiba, sufi, au hata blanketi la zamani. Chini kuna bitana, kitambaa kimoja kizima au vipande vichache vilivyoungwa. Mishono inayopita tabaka zote tatu ndiyo inayozifanya ziwe kitu kimoja, na ndiyo hiyo hiyo inayonasa mikunjo.

2. Mkunjo, finyo na tumbo: si kitu kimoja?

Hapana, na ukivichanganya utatibu ugonjwa usio wako.

Mkunjo ni kitambaa kilichojilaza juu ya chenzake kikashonewa hapo hapo. Ukipitisha kidole unakwaa. Mafinyo ni vikunyanzi vidogo vidogo vinavyoandamana na mstari wa mshono kutoka mwanzo hadi mwisho, kama kiuno cha sketi ya marinda. Tumbo ni kitambaa kilichozidi kati ya mistari miwili: hakijashonewa vibaya, ila kimevimba hakina pa kwenda.

Mkunjo mara nyingi hutokana na bandi mbaya, yaani kule kuzishikiza tabaka kwa muda kwa pini au uzi kabla ya kushona. Mafinyo hutokana na cherehani. Tumbo hutokana na bitana iliyolegea tangu ilipotandazwa sakafuni, au mistari iliyoachana sana.

3. Kwa nini huwa nyuma tu, na mbele pako safi?

Kwa sababu mbele pana mikono yako. Ukiwa unashona, viganja vinalainisha uso kila wakati bila wewe kufikiri. Chini hakuna mkono. Kuna meno ya cherehani tu, nayo yanaiuma bitana na kuipeleka nyuma, wakati mguu wa cherehani unaukandamiza uso na kuuchelewesha. Tabaka zinasafiri kwa mwendo tofauti, katikati pana ujazo unaoteleza, na ulegevu wowote ulioachwa chini unasukumwa mpaka ukutane na mstari ulioshonwa tayari. Hapo hauna pa kukimbilia, unajikunja.

4. Nitajuaje kama kosa ni langu au la cherehani?

Chukua mabaki ya vitambaa hivyo hivyo na ujazo huo huo, tengeneza kipande cha sentimita 30 kwa 30, kibandi vizuri, ukishone. Kikitoka na mafinyo, cherehani inahitaji kurekebishwa (swali la 15). Kikitoka safi na mfarishi wako una mikunjo, rudi sakafuni (swali la 9).

Kwa niliyoyaona, kazi nyingi zinazoletwa kwangu zina tatizo la bandi, na wenyewe wamekwisha kuhangaika na skrubu za cherehani wiki nzima.

## Kitambaa cha bitana

5. Kitambaa gani hakisumbui?

Pamba tupu, iliyofumwa wastani. Kitenge cha pamba kinafaa, kanga inafaa, marikani inafaa na ni imara. Shuka za mtumba za pamba ni nzuri sana kwa sababu zimeshafuliwa mara nyingi na zimemaliza kunywea. Tena zina upana usiohitaji kuungwa. Angalia tu zisiwe zimechakaa katikati, pale mtu alipokuwa akilala.

Satini na vitambaa vinavyoteleza viache mpaka mkono ukomae. Kitambaa kinachovutika kama fulana usikiguse kwa bitana. Hata ukikibandi vipi, meno yatakinyoosha na kikirudi kitajikusanya.

Mtu akianza nampa kitambaa chenye maua mengi. Hayaondoi kosa, lakini makosa madogo ya mfarishi wa kwanza hayatamvunja moyo. Rangi moja tupu, hasa nyeupe, inaonyesha kila kitu.

6. Lazima nifue kitambaa kabla ya kushona?

Kitenge na kanga mpya, ndiyo. Vinatoka dukani vikiwa na wanga unaovifanya vikakamae. Ukishona hivyo hivyo, siku ya kwanza ya kufua wanga unatoka, kitambaa kinanywea, na bitana inavutana na uso uliokwisha kunywea zamani. Mfarishi ulioukabidhi ukiwa umenyooka unarudi umekunjamana kama karatasi. Fua, anika, piga pasi kikiwa na unyevunyevu.

Anayeupenda ule ukakamavu kwa sababu unarahisisha kazi anaweza kurudisha wanga kidogo baada ya kufua. Mimi hufanya hivyo kwa kanga nyepesi.

7. Bitana iwe kubwa kuliko uso kwa kiasi gani?

Sentimita 10 kila upande. Tabaka husogea kadiri unavyoshona, na bitana iliyokatwa sawasawa na uso itakukimbia pembeni. Ukiona imepungua utaivuta, na kuivuta ndiyo mwanzo wa tumbo upande wa pili.

Hesabu mbili ninazozitumia kila siku. Kanga ina takriban sentimita 150 kwa 110. Doti moja ikiungwa kwa upande mrefu inakupa karibu 150 kwa 217, ambayo inatosha mfarishi wa 130 kwa 195, saizi ya kitanda cha mtu mmoja. Kwa kitanda cha futi 5 kwa 6 nashona mfarishi wa 200 kwa 220. Kitenge chenye upana wa sentimita 115 nakikata vipande viwili vya sentimita 240, naunga kwa urefu, napata kama 225 kwa 240. Vinatoka kwenye kitenge cha yadi 6 na kinabaki kipande.

Kwa kanga, jambo moja la heshima: usikate jina. Geuza kanga moja ili majina yote mawili yaangalie nje na mapindo yasiyo na maneno ndiyo yakutane katikati.

8. Nimeunga bitana na pale kwenye kiungo pamejikunja. Nimekosea wapi?

Angalia kama umeuacha ukingo wa kiwandani ndani ya kiungo, ule wa pembeni mwa jora ambao nyuzi zake zimesongamana. Haunywei sawa na kitambaa kingine, kwa hiyo unavuta kiungo chote. Ukate kwanza, kama sentimita moja na nusu, ndipo uunge. Kisha fungua mshono kwa pasi, huku na huku, usiulaze upande mmoja. Tabaka tatu za kitambaa upande mmoja ni kigingi ambacho meno yatakirukia.

La pili, linalosahaulika: ukiunga vipande, hakikisha nyuzi za mtande, zile zinazokwenda na urefu wa jora, zinaelekea upande mmoja kwa vyote viwili. Mtande hauvutiki, mshindio (nyuzi zinazoukatiza) unavutika kidogo, mshazari (ukivuta kwa pembe) unavutika sana. Kipande kimoja kikisimama na kingine kikalala, kimoja kitakubali kunyooshwa na kingine kitakataa.

## Sakafuni: kupiga bandi

9. Nionyeshe namna ya kutandaza tangu mwanzo.

Hapa nitakaa, kwa sababu mikunjo karibu yote huzaliwa hapa.

Fagia sakafu ya simenti, ipige deki, iache ikauke. Piga bitana pasi hadi pembeni. Itandaze upande mzuri ukiwa chini. Chukua tepu ya karatasi, ile ya wapaka rangi, na ubandike katikati ya upande mmoja. Nenda upande unaotazamana nao, nyoosha taratibu, bandika katikati yake. Fanya hivyo kwa pande mbili zilizobaki. Sasa una sehemu nne zilizoshikwa. Kutoka hapo songa kuelekea kwenye pembe, kila mara ukijibu upande mmoja kwa upande wake wa pili, na pembe ziwe za mwisho. Anayeanza na pembe hujikuta na ulegevu katikati usioondoka.

Vua viatu, piga magoti, pitisha kiganja kutoka katikati kwenda nje. Usikimbilie kuangalia, sikiliza kwa mkono. Bitana iliyotulia inakwenda chini ya kiganja kama meza. Iliyolegea inatangulia mbele ya mkono kama wimbi dogo. Ukikuta wimbi, fuata mahali linapoishia, bandua tepu pale, nyoosha, bandika tena.

Ndipo uweke ujazo, uulainishe kwa kiganja bila kuuvuta. Kisha uso, upande mzuri juu, katikati yake ikiwa juu ya katikati ya bitana. Lainisha tena kutoka katikati. Anza kubandi katikati pia, kwenda nje kama miale ya jua. Ukimaliza, bandua tepu, geuza mfarishi wote, utazame bitana kabla hujaenda popote karibu na cherehani. Mkunjo ulioonekana sasa unaondoka kwa dakika mbili. Ukiuona baada ya kushona ni jioni nzima.

10. Niivute bitana ikazike kama ngozi ya ngoma?

Usithubutu. Kosa hili linafanywa na watu wenye bidii, ndiyo maana linaniuma. Ukiikaza kupita kiasi umeinyoosha kuliko saizi yake. Utashona ikiwa imenyooka, na ukibandua tepu itarudi kwenye saizi yake na kuuvuta uso pamoja nayo. Utapata mafinyo kila mahali, na hakuna cherehani itakayoyaponya.

Iwe imenyooka, isiwe imenyooshwa. Kipimo changu: bana kitambaa kwa vidole viwili katikati na uinue. Kikinyanyuka kidogo kikarudi chini kimelala, inatosha. Kikigoma kunyanyuka, legeza.

11. Pini au uzi?

Vyote vinafaa vikiwa vya kutosha. Pini zenye kufunga, moja kila sentimita 8 hadi 10. Njia rahisi ya kupima: weka ngumi yako popote kwenye mfarishi, lazima iguse pini. Zisiwe zenye kutu, maana doa la kutu halitoki kirahisi.

Kwa uzi, piga bandi ndefu za mkono, mapigo ya sentimita 4 au 5, mistari iachane kwa upana wa kiganja. Napenda uzi kwa kazi kubwa: haunipi vizuizi cherehanini, na haunyanyui kitambaa kama pini. Tumia rangi inayoonekana, tena uzi wa bei nafuu unaokatika kirahisi wakati wa kuutoa.

12. Nyumba yangu ni ndogo, sina sakafu ya kutandazia.

Unganisha meza mbili, bana bitana kwenye kingo kwa vibanio, fanya sehemu ya katikati, kisha sogeza. Kila ukisogeza, vuta ulegevu wa chini na ubane upya kabla ya kuendelea. Watu wengine huazima ukumbi wa kanisa au darasa siku ya Jumamosi, na hiyo ni njia nzuri kuliko kubandi juu ya kitanda. Godoro linabonyea, na bitana inafuata mabonyeo yake.

Mkeka nao usitumie. Nimewahi kubandi mfarishi wote juu ya mkeka, na nilipounyanyua nao ukanyanyuka: uzi ulikuwa umepita kwenye ukili safu nzima. Nilifumua yote, na ile bitana iliyokuwa imelala vizuri ikabidi niitandaze upya.

13. Gundi ya kupulizia je?

Ile ya vitambaa inashika vizuri na inazuia bitana kuteleza. Pulizia kwenye ujazo, si kwenye kitambaa, kidogo kidogo, milango na madirisha yakiwa wazi, mbali na jiko. Pembeni ongeza pini. Gundi ya viatu au ya mbao, hapana.

## Kwenye cherehani

14. Nianzie wapi kushona?

Katikati. Shona mstari mmoja wa kati wa urefu, mmoja wa kati wa upana, ndipo ujaze kila robo ukielekea nje. Ulegevu unasukumwa kuelekea pembeni ambako una mlango wa kutokea. Ukianza pembeni kwa cherehani umefunga milango yote na kuuacha ulegevu ndani. (Kuna kazi ya mkono inayofanya kinyume na ikafaulu: swali la 24.)

Kama unashona mistari iliyokaribiana inayokwenda sambamba, yote ianzie upande mmoja. Ukienda na kurudi, mstari mmoja unavuta kitambaa juu na unaofuata unakivuta chini, na kati yao panatokea mawimbi ya mshazari.

15. Nina mafinyo madogo mstari mzima. Nirekebishe nini?

Fuata mpangilio huu, ukijaribu kila hatua kwenye kipande cha majaribio cha swali la 4. Usibadilishe vitu viwili kwa pamoja, hutajua kilichosaidia.

Badilisha sindano. Butu haichomi, inasukuma. Namba 14 inatosha kazi nyingi. Kwa ujazo mnene au kitenge kizito, 16.

Refusha mshono. Mapigo mafupi ya kushonea nguo yanakusanya kitambaa. Kwa tabaka tatu weka milimita 3 hadi 3.5, au kwa cherehani za zamani kama mapigo 8 kwa inchi.

Legeza mkazo wa uzi wa juu kidogo kidogo. Kisha angalia bobini, kwa sababu uzi unaolala kwenye bitana ndio huo. Kama cherehani yako ina kasha la bobini linalotoka, lining'inize kwa uzi wake na utikise mkono mara moja. Linatakiwa lishuke kidogo na kusimama. Likigoma kabisa, uzi wa chini umekaza na ndio unaokunja bitana yako: legeza skrubu yake kwa mguso mdogo tu, kama mshale wa dakika unavyosogea kwa dakika tano.

Punguza nguvu ya mguu. Cherehani nyingi za miguu zina skrubu juu kabisa ya nguzo inayobeba mguu. Ukiilegeza, mguu hauzikandamizi tabaka sana na uso haucheleweshwi.

Mwisho, uzi wenyewe. Uzi wa poliesta ukijazwa kwenye bobini kwa kasi kubwa unavutika, na ukishashonwa unarudi kwenye urefu wake na kuvuta kitambaa. Jaza bobini polepole.

16. Mikunjo yangu ipo pale mistari inapokutana tu.

Huo ni ulegevu uliosukumwa ukagonga ukuta. Ukibakiza kama sentimita 5 kufika kwenye mstari utakaouvuka, simama. Sindano ikiwa imezama, inua mguu, pitisha vidole chini na urudishe bitana nyuma, lainisha uso, teremsha mguu, endelea polepole. Kwenye cherehani ya miguu malizia kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono.

17. Mguu wa kutembea ni wa lazima?

Si wa lazima, ila ni rafiki mkubwa. Una meno yake juu, kwa hiyo uso na bitana vinasafiri pamoja. Nunua unaolingana na cherehani yako. Peleka mguu wako wa kawaida dukani ukafananishe urefu na mahali pa skrubu. Asiye nao azidishe bandi, apunguze nguvu ya mguu na ashone taratibu. Mifarishi mingi niliyoshona sikuwa nao.

18. Mfarishi ni mzito, unaning'inia. Hilo nalo linaleta mikunjo?

Sana. Uzito unaoning'inia mbele ya meza unaivuta bitana kinyume na meno, mapigo yanakuwa mafupi na kitambaa kinajikusanya. Sogeza meza nyingine au kiti kushoto na nyuma ya cherehani, sehemu iliyobaki ipande begani au mapajani. Kabla ya kila mstari hakikisha sehemu iliyo mbele ya sindano imelegea na kulala.

19. Nitajuaje bitana iko sawa bila kugeuza kila dakika?

Mkono wa kushoto, chini. Kila unapomaliza urefu wa kiganja, pitisha vidole kati ya mfarishi na meza. Mkunjo unaokuja unaujua kabla haujafika kwenye sindano: ni kama ukamba mwembamba unaotambaa. Kila mstari ukiisha, geuza utazame. Ukigeuza baada ya mistari ishirini utakuta ishirini.

## Limeshatokea

20. Nimekuta mkunjo mmoja. Nifumue mfarishi wote?

Hapana. Fumua mstari huo tu, kama sentimita 5 kabla ya mkunjo na 5 baada yake. Kama kitambaa kilichozidi ni kikubwa kuliko upana wa kidole, fumua mpaka kwenye makutano yanayofuata ili ulegevu upate nafasi ya kujigawa.

Fumulia upande wa nyuma. Kata pigo moja kila baada ya matatu au manne kwa kifumulio au ncha ya wembe, kisha geuza uvute uzi wa juu. Utatoka mzima. Usichane tabaka kwa kuzitenganisha kwa nguvu, bitana inatoboka. Lainisha, zungushia pini pande zote, shona upya ukianza sentimita moja juu ya mshono wa zamani na kumalizia vivyo hivyo. Ncha za nyuzi zifunge fundo, zipitishe kwa sindano ya mkono zizame kwenye ujazo.

21. Kitambaa ni kingi, hata nikifumua kinarudi kujikunja.

Basi kigawe. Ongeza mistari kati ya ile iliyopo, tumbo moja kubwa liwe mawimbi madogo yasiyohisiwa. Kama bitana ni pamba na ujazo ni pamba, nyunyizia maji na upitishe pasi ya moto bila kusugua, ukibonyeza na kuinua. Kitambaa kinanywea kiasi. Kwa faiba usifanye hivyo: inayeyuka na kubaki bapa.

Mkunjo mdogo uliobaki ulaze vizuri na uushonee kwa mkono kwa mapigo ya kujificha, au ufunike kwa kiraka kinachofanana na viraka vya uso. Jina na tarehe ya mfarishi lazima vikae mahali fulani, na hapo panafaa.

22. Nimefumua, matundu ya sindano yamebaki.

Kwaruza kwa ukucha, wima kisha kwa ulalo, nyuzi zirudi mahali pake. Nyunyizia maji. Yaliyobaki yataondoka kwenye kufua. Kitambaa kilichofumwa kwa kusongamana, kama baadhi ya shuka, huchelewa kuyaziba.

## Maswali ya pembeni

23. Natumia sufi, au sponji, au blanketi. Kuna tofauti?

Ipo. Sufi inahama, kwa hiyo itie kwenye mfuko wa kitambaa chepesi kwanza na uweke mistari ya karibu. Bila hivyo itajikusanya na bitana itabaki tupu inaning'inia. Faiba nene inasukumwa na mguu kama mto, inahitaji bandi mara mbili. Blanketi la zamani ni tulivu kuliko vyote, linang'ata kitambaa na halitelezi; kwa mfarishi wa kwanza naliunga mkono kabisa. Sponji nyembamba inashoneka, lakini mfarishi unakuwa mgumu na haukauki haraka.

24. Nimeona watu wanaanza pembeni kuja katikati na hawapati mikunjo. Mbona wewe unakataza?

Umeona kawandi, mifarishi ya Wasidi wa Karnataka nchini India, watu wenye asili ya Afrika. Wanatandaza kitambaa cha chini, mara nyingi sari ya zamani, wanaanza pembeni na kuzunguka kuelekea katikati, wakipachika kiraka kimoja baada ya kingine kwa mapigo ya mkono. Kwenye pembe wanaweka vipande vidogo vilivyokunjwa wanavyoviita phula, yaani ua.

Inafaulu kwa sababu mbili. Uso haukuungwa kabla: kila kiraka kinawekwa kulingana na nafasi iliyobaki, kwa hiyo hakuna uso mzima wa kulinganisha na bitana nzima. Na mkono hauna meno. Sindano inapita juu na chini bila kusukuma tabaka mbele, na mshonaji ameshika kitambaa pande zote mbili. Kwa mkono, jaribu. Ni kazi ya kupendeza mno. Kwa cherehani na uso ulioungwa tayari, baki na swali la 14.

25. Ulikuwa umenyooka, nilipoufua umekunjamana wote. Umeharibika?

Kama vikunyanzi vimeenea sawasawa mbele na nyuma, haujaharibika. Ujazo wa pamba hunywea kwa kawaida asilimia 3 hadi 5, mishono inabaki na urefu wake, na kitambaa kinajikusanya katikati. Wengi wanaupenda mwonekano huo, na huko Bengali, eneo la India na Bangladesh, mishono ya mkono iitwayo kantha huacha mawimbi ya namna hiyo kwenye sari zilizotandazwa pamoja, ndiyo sura yake. Asiyeupenda aloweke ujazo wa pamba kabla, kama aina yake inaruhusu kulowekwa, au atumie faiba.

Kama vikunyanzi viko mbele tu, bitana ndiyo iliyonywea peke yake. Soma swali la 6.

26. Nimekwisha kuweka pindo, na kesho mwenyewe anakuja kuuchukua. Nifanyeje?

Pindo halikuzuii. Marekebisho ya swali la 20 yanafanyika katikati ya mfarishi bila kuligusa. Mkunjo ukiwa umeingia kwenye pindo lenyewe, fumua kipande cha pindo kama sentimita 15, toa ulegevu nje, kata kinachozidi, rudisha.

Kama muda hautoshi, mwambie mwenyewe na umwonyeshe mahali penyewe kwa kidole. Mara nyingi nimesema, "Mama, niachie siku mbili, hapa bitana imenasa," na sijapata aliyekataa. Anayelala juu ya mkunjo huo kila usiku ni yeye.